Makontena Manne ya Choroko Nyeusi

Sawant, wakala wangu wa forodha, alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa nabishana na mteja wa dengu. Akasema kwa sauti ile ya watu wa bandarini, isiyo na haraka na jambo lolote duniani:

"Dada Kanchan, mzigo wako wa Brazili umezuiliwa."

"Umezuiliwa na nani?"

"Na jina."

Nikamwambia kama ana mafumbo akamtegee mkewe. Akacheka, kisha akaeleza. Makontena yangu manne yalikuwa na choroko nyeusi. Cheti cha afya ya mimea kilichotoka Brazili kilisema ndani mna choroko za kijani. Kwa ofisa wa mimea, hiyo ni mimea miwili tofauti, na mzigo usio na cheti chake hautoki getini.

"Si afungue aone kwa macho yake?"

"Amefungua na ameona. Anasema macho yake hayana muhuri. Anataka cheti kipya, chenye jina sahihi, karatasi halisi, si picha. Mwisho tarehe thelathini. Baada ya hapo mzigo unarudi ulikotoka au unachomwa."

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Mvua zilikuwa zimeshaanza kupiga mabati ya soko la nafaka la Vashi, hapa Mumbai, na choroko ndani ya kontena wakati wa mvua ni kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi la plastiki. Zinatoka jasho, zinavimba, zinaota ukungu.

Duka langu la nafaka nimeliendesha miaka ishirini na miwili tangu mume wangu afariki. Sikuwahi kuagiza kitu nje ya nchi mpaka mashamba yetu yalipokosa mvua misimu miwili mfululizo, choroko nyeusi zikaadimika, na akina mama wa mtaa wa Lalbaug wanaosukuma papadi, zile chapati nyembamba kavu za unga wa choroko, wakaanza kuja dukani kuniangalia kama mimi ndiye niliyezificha. Ndipo nikampata Valdecir Bortolini wa Mato Grosso, kule Brazili, mkulima wa soya, akakubali kupanda zao ambalo kwao hakuna anayelila. Mwanzo mwanawe ndiye aliyeniandikia kwa Kiingereza. Kisha kijana akaoa, akahama, nikabaki na baba mtu, ambaye anajua Kireno tu na haandiki. Hutuma ujumbe wa sauti akiwa juu ya trekta. Nilijaribu kuitafsirisha simu, ikanipa neno moja la maana na dakika nzima ya injini.

Kwa hiyo nilimtafuta mkalimani, nikaelekezwa kwa Mama Filomena Rebelo wa mtaa wa Mazgaon, mshonaji mstaafu, mzaliwa wa Margao huko Goa, umri miaka themanini kasoro miwili. Alisoma Kireno shuleni enzi Goa ikiwa chini ya Wareno, na nyumbani kwa baba yake walikizungumza mezani. Kila saa kumi na mbili jioni, kule kwa Bortolini ikiwa asubuhi, nilipanda ngazi za orofa tatu mpaka kwake, nikaweka simu mezani katikati ya vikombe vya chai, tukapiga.

Siku ya kwanza nilisema polepole, kwa heshima. Siku ya nne heshima ilikuwa imekwisha.

"Mama, mwambie hivi: cheti alichotuma ni takataka. Aamke sasa hivi aende ofisini kwao wamwandikie kingine. Mimi sina mwezi wa kumbembeleza!"

Mama Filomena akajiweka sawa kitini, akavuta shali, akaanza kusema na ile simu kwa sauti tamu, ndefu, kama mtu anayemwagia maji maua ya dirishani. Upande wa pili Bortolini akanguruma. Kikombe kilitetemeka mezani, naapa.

"Amesemaje?"

"Anakusalimu, mwanangu. Anasema mambo yatakuwa sawa, tuvumiliane."

"Kwa sauti ile?"

"Watu wa mashambani ndivyo walivyo. Sauti zao kubwa."

Nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaja tena, na keshokutwa, na siku baada ya hiyo. Kila mara nilimwaga hasira yangu, kila mara ikatoka upande wa pili ikiwa imepakwa sukari, kila mara mtu yule akanguruma, na kila mara nikaambiwa nivumilie. Wiki mbili! Sawant naye asubuhi: "Kimekuja?" "Hakijaja." "Aa." Hiyo "aa" yake ilinichosha kuliko ofisa.

Shevanta, kiongozi wa wale mama wa papadi, akaja akaketi kwenye kizingiti cha duka langu na mwavuli unaovuja.

"Dada, wenzangu kumi na wanane wamekaa mikono mapajani. Tuwaambie nini?"

"Waambie Brazili kuna mtu kichwa kigumu."

"Nimewaambia wiki iliyopita. Sasa wanauliza huku kwetu kichwa kigumu ni cha nani."

Nilimpa gunia moja la mwisho la choroko za zamani, zenye vumbi, akalichukua bila kusema asante, na sikumlaumu.

Jioni ile, Jumanne, nilipanda ngazi za Mazgaon nikiwa nimelowa mpaka magotini. Kabla hatujapiga simu nikauliza, kwa kupitisha muda tu huku nikikamua pindo la sari:

"Mama, neno 'haraka' kwa Kireno ni lipi?"

"Urgente."

Nikaliachia pindo. Neno hilo linafanana na la Kiingereza. Hata mimi nisiyejua Kireno ningelitambua likipita.

"Mbona kwa wiki mbili sijakusikia ukilitamka hata mara moja?"

Mama Filomena akaanza kupanga vijiko. Alivipanga, akavipangua, akavipanga tena.

"Mama?"

"Mimi siwezi kumwita mtu takataka, Kanchan. Mtu nisiyemjua! Kireno changu ni cha mezani kwa baba yangu. Pale hatukugombana. Nilimwambia unamshukuru kwa choroko nzuri, na kwamba ukipata karatasi nyingine, kwa wakati wake, utafurahi."

"Kwa wakati wake!"

"Nilidhani ataelewa."

"Na yeye? Amekuwa akisema nini siku zote hizi? Niambie kila kitu."

Akafuta macho kwa ncha ya shali. Bortolini, kumbe, tangu siku ya pili alikuwa akidai barua. Ofisi ya mimea ya kwao haibadilishi cheti bila barua ya mnunuzi inayoonyesha jina lipi limekosewa na lipi linatakiwa. Alikuwa ameomba barua hiyo mara nane. Mara ya tisa alisema wanunuzi wa Mumbai ni watu wa kuchezea wenzao. Maneno hayo yalinifikia mimi yakiwa "tuvumiliane".

Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele, na nadhani nilipiga, maana jirani alifungua mlango. Nilisema mambo kuhusu wema unaoozesha chakula cha watu. Yule bibi alikaa pale mdogo kwenye kiti chake, akasikiliza yote, kisha akasema:

"Basi tafuta mwingine."

"Nimpate wapi mwingine saa hizi? Piga simu! Na leo neno kwa neno. Nikitukana, tukana. Akitukana, usinifiche."

Akapiga.

"Mwambie ni mjinga kwa kutokutafuta njia nyingine ya kunieleza."

Akafumba macho, akasema. Mngurumo upande wa pili.

"Anasema... samahani mwanangu... anasema wewe ndiye mjinga, na kichwa chako kama kwato la ng'ombe."

"Mwambie kwato hili ndilo litakalonunua mzigo wake, na kama hakuna cheti hakuna kontena lingine maishani mwake."

Alisema. Safari hii Bortolini alicheka, kicheko cha kukohoa, kirefu.

"Anacheka nini?"

Mama Filomena akakunja uso. "Anasema hajatukanwa kwa Kireno kizuri namna hii tangu bibi yake azikwe."

Barua ikaondoka jioni ileile, nikiwa nimeiandika mezani kwake, yeye akaitafsiri kwa mwandiko wa wino uliopinda vizuri, tukaipiga picha, tukaituma. Asubuhi ya Jumatano Bortolini akaendesha gari kilomita mia tatu mpaka ofisi ya mkoa. Ofisa alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wakwe. Alhamisi ilikuwa sikukuu ya kanisa, wanamwaga maua na unga wa mbao wenye rangi barabarani. Ijumaa ofisi ikafungwa kwa sababu tu iko katikati ya sikukuu na wikendi. Niliyasikia haya kupitia kwa Mama Filomena, sasa bila sukari hata chembe, mpaka nikatamani angalau kidogo.

"Anasema amelala ndani ya gari, mgongo unamuuma, na analaani siku aliyokujua."

"Mwambie na mimi pia. Ila asiondoke pale."

Hakuondoka. Jumatatu akapata karatasi, akaipeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Ilitua Mumbai tarehe ishirini na tisa. Sawant aliipeleka tarehe thelathini saa tano asubuhi, na ofisa akaishika, akaigeuza, akauliza kwa nini muhuri ni wa buluu wakati wa kwanza ulikuwa mweusi. Sawant anasema ilimchukua saa tatu nzima kumridhisha. Sijui alisema nini, na sikuuliza.

Tulifungua makontena pale Vashi kesho yake mvua ikinyesha. Matatu yalikuwa mazima. La nne lilitupiga pumzi ya ukungu tulipofungua milango, na magunia ya chini yalikuwa yamechipua, vijichipukizi vyeupe vimetoboa nyuzi. Nilisimama nikiyatazama mpaka Shevanta akanivuta kando, kwani wenzake walikuwa wameshaanza kubeba ya kontena la kwanza vichwani.

La nne lote lilikwenda kwa mtengenezaji wa chakula cha ng'ombe. Mimi na Bortolini tuligombana juu ya hasara yake kwa siku tano mfululizo, Mama Filomena akisema kila neno na sauti imemkauka, mpaka tukaibeba nusu kwa nusu, kila mmoja akiamini amepunjwa.

Mwaka uliofuata niliagiza makontena sita, kwa Bortolini yuleyule. Safari hii nilidai rasimu ya cheti niisome mwenyewe kabla meli haijaondoka bandari yao ya Santos, jina la mmea kwanza, herufi kwa herufi. Sawant aliponiletea fomu za kuagiza aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia anipe kalamu, na asogee, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya gunia la mteja.