Mzabibu Uliotoka Kinywani mwa Fuvu

Bi Sultana aliitikia shikamoo kwa nusu ya mdomo. Akaweka kipicha juu ya meza ya Usi, fundi wa milango, kimelala kifudifudi.

"Nshachoka nacho. Marehemu mume wangu Anwarali alikinunua wiki moja kabla ya kufa, eti kitundikwe juu ya kitanda cha mjukuu wake. Na binti yetu Inaya kashikilia hapo hapo: neno la baba. Naye anajifungua kesho kutwa, Usi! Wewe mtu wa nakshi, nambie kina maana gani, au nikichome leo leo."

Usi akakigeuza. Karatasi haikuzidi kiganja, kazi ya Ulaya ya miaka mia tano nyuma, iliyochongwa kwenye shaba kisha ikapigwa chapa. Juu kabisa kitoto chenye mbawa. Kisha ndege wawili, zabibu, majani tele. Na chini kabisa fuvu la mtu, limeachama.

"Umeona?" Sauti ya Bi Sultana ilikatika. "Mwanzo mtoto, mwisho fuvu. Mtu mwenye akili zake anamtundikia mjukuu kitu hiki?"

Hata Usi kilimtisha. Lakini fundi ni fundi, mkono ukaenda kwenye lenzi. Subhanallah! Kila mshipa wa jani mwembamba kuliko unywele, na hakuna hata mmoja uliotetereka. Miaka thelathini ya patasi, leo akajiona mwanagenzi. Akalifuata shina, jani kwa jani, mpaka kwenye meno ya fuvu. Hapo lilikuwa nene, na matawi yote yalielekea juu.

"Bi Sultana, umeanzia mwisho. Sisi miimo ya mlango tunaichora kutoka wapi?"

"Mie ntajuaje? Fundi wewe!"

"Kutoka chini. Ua linaota kwenye kizingiti, linapanda. Na bwana aliyechonga hiki kafanya vivyo hivyo. Hebu tazama mzabibu ulipotokea."

Akampa lenzi. Bi Sultana akatazama, akatazama tena. Mzabibu ulitoka kinywani mwa fuvu.

"Basi hapa ni yeye, Anwarali," alisema, kidole juu ya fuvu. Machozi yakamtoka, asiyafute. Kidole kikapanda polepole: majani, zabibu, ndege. Kikafika kwa kitoto, kikatulia.

"Nifungie kipicha changu, mwanangu. Upesi."

"Upesi wa nini, Bi Sultana?"

"Mtoto asije akafika kabla ya babu yake."