Mama, Nimeshakula

Jumapili saa tisa na nusu alasiri, Daktari alikuwa amesimama mbele ya friji ya samaki katika supamaketi iliyo karibu na bweni lao. Kwenye kikapu alikuwa na kabichi moja. Alikuwa akisoma kibandiko cha samaki ambaye hakuwa na nia wala uwezo wa kumnunua. Alisoma uzito, akasoma kwamba ameshatolewa magamba, akainama kumtazama macho. Kisha akatoa daftari dogo akaandika: gramu mia nne na hamsini, mnene mgongoni, hana harufu.

Kwao walimwita Daktari tangu siku ilipofika barua ya ufadhili, na hakuna aliyetaka kusikia kwamba alichokwenda kusomea ng'ambo ni mifereji ya majitaka. "Daktari ni daktari," alisema mama yake, na mtaa mzima ukakubaliana naye. Ufadhili ulilipa ada na kitanda. Tumbo halikutajwa popote kwenye ile barua, labda kwa sababu walioiandika walikuwa wameshakula.

Basi akajifunza. Alijua saa ambayo mkate wa jana hushushwa bei. Alijua kwamba makopo ya maharagwe yaliyobonyea huwekwa rafu ya chini kabisa, pembeni ya chakula cha paka, na kwamba ni lazima uiname kama mtu anayefunga kamba za viatu ili wenzako wa darasani wasikuone. Alijua pia kwamba kabichi, ukiwa na kisu kikali na subira, ni mboga ya siku sita. Siku ya saba alimpigia mama simu, na hapo ndipo alipokula.

Mambo yalianza mwezi wa pili wa masomo. Mama aliuliza kama wanavyouliza mama wote: "Umekula?" Daktari, aliyekuwa na kabichi tumboni na nyingine inamngoja, akajibu, "Nimeshakula, mama. Kuku na wali. Nimeshindwa hata kumaliza." Mama akamshukuru Mungu, akacheua.

"Na wewe, mama?"

"Mimi? Nimeshakula zamani, mwanangu. Samaki wa kukaanga, nikamkamulia ndimu. Hapa nilipo kuinuka siwezi."

Simu ilipokatika, Daktari alikuwa ameshiba. Kati ya magego yake mawili kulikuwa na mwiba wa samaki. Akautoa kwa kijiti, akanawa mikono iliyokuwa ikinukia ndimu, akaendelea kusoma habari za mteremko wa mabomba. Mwenzake wa chumba, msichana mstaarabu sana, alimkumbusha kwamba sheria za bweni zinakataza kukaanga samaki chumbani. Daktari akaomba radhi, yakaisha.

Baada ya wiki tatu alikuwa ameshaujua utaratibu. Kila mmoja alishiba uongo wa mwenzake. Wa kwako mwenyewe haukuingia. Alijaribu siku moja mbele ya kioo, akajiambia kwamba amekula nyama ya kuchoma, akaambulia kiungulia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa wawili ilivuka bahari, na chakula kikafika bado kinatoa mvuke.

Sharti lilikuwa moja tu: uongo ulitaka maelezo. Jumapili moja mama alikuwa na haraka, akasema, "Nimekula tu, chochote." Daktari akashiba chochote, na chochote, jamani, hakina hata chumvi. Naye Jumapili iliyofuata akasema "nyama" bila kufafanua, mama akamaliza simu akilalamikia meno. Jambo lenyewe hawakulizungumza. Lilikuwa kama chumba cha wazazi: unajua kipo, hufungui mlango.

Ndipo akaanza kwenda supamaketi na daftari. Alizunguka kaunta zote akisoma, maana huwezi kumlisha mama yako kitu usichokijua. Mlinzi wa mle ndani, bwana wa makamo mwenye koti lililomzidi mabega, alimfuatilia Jumapili mbili. Ya tatu akamsogelea.

"Dada, umesimama hapo dakika ishirini. Unanunua au hununui?"

"Sinunui, kaka. Nasoma. Jioni nampigia mama."

Mlinzi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Anapenda nini?"

"Anapenda samaki. Ila kuku ndiye anayemkaa tumboni."

"Wangu ana meno mawili. Mimi namsomea supu tu." Akafikiri. "Mbuzi usimsome hapa, hapa wanakata ovyo. Nenda kaunta ya mwisho. Muuza nyama akikuuliza, mwambie unamsubiri mtu."

Tangu hapo hakufuatwa tena. Siku nyingine mlinzi alimwashia taa ya friji iliyokuwa imezimika, aone vizuri.

Yangekwenda hivyo hadi shahada, kama si simu ya mama mdogo. Mama mdogo alikuwa mtu asiyejua kuzunguka. Alipiga Jumatano, hata salamu hakumaliza.

"Mama yako hawashi moto. Jiko lina buibui. Wiki nzima ni chai ya rangi, anangoja Jumapili umpigie. Gauni la bluu unalikumbuka? Siku hizi akigeuka, lenyewe linabaki linatazama mbele."

"Na pesa ninazotuma?"

Maana alikuwa akituma. Kila Jumamosi aliosha vyombo katika kantini ya chuo, sahani mia tatu za watu waliokula bila kupiga simu, na nusu ya ujira ilikwenda kwa mama. Kabichi ya siku sita ilikuwa kwa ajili hiyo.

"Pesa zako ziko kwenye daftari la kamati," alisema mama mdogo. "Harusi ya huyu, msiba wa yule, mtoto wa fulani kafaulu. Mama mwenye mtoto ng'ambo anaandikwa wa kwanza. Mwenyekiti anaingia na kalamu na methali. 'Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri,' halafu anaandika kiasi kabla dada hajafungua mdomo. Atasemaje hana? Mtoto wake ni Daktari, tena anakula kuku mpaka anashindwa kumaliza! Si ndivyo unavyomwambia?"

Daktari akaisukuma kabichi pembeni.

"Mwambie ukweli. Akijua wewe huna, na yeye atapata uso wa kusema hana. Vinginevyo mtamzika na madeni ya sifa."

Daktari aliumia. Aliumia kwa ajili ya mama, halafu, nisiwafiche, aliumia kwa ajili ya kabichi. Miezi saba ya kutafuna majani ili mama apate kula, kumbe walioshiba ni waalikwa wa harusi asizozijua, na huenda walisema wali haukuiva.

Ndiyo sababu Jumapili hii, mbele ya friji, mlinzi alipomuuliza, "Leo samaki?" alijibu, "Leo nasema ukweli, kaka."

Mlinzi alivuta pumzi kama fundi aliyeonyeshwa ukuta uliopinda. "Mwandike tu huyo samaki," akasema. "Hujui mbele."

Akamwandika, akalipia kabichi, akarudi bwenini.

Saa kumi na moja jioni mama alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Umekula, mwanangu?"

"Mama, sijala."

Akaendelea kabla mama hajamkatiza.

"Leo sijala kitu. Jana nilikula kabichi. Juzi kabichi. Tangu nifike huku, mama, ni kabichi. Kuku sijawahi kumla."

Kilichofika upande wa pili ni kile alichokisema: kabichi ya miezi saba, na juu yake, sijala. Daktari alisikia kiti kikivutwa, kisha tumbo la mama likanguruma, ngurumo ndefu iliyopita kwenye simu bila kukatika. Mwenzake wa chumba akainua macho kwenye kitabu, akayarudisha.

"Mama mdogo amenieleza," Daktari akaendelea, na sauti ilikuwa imeanza kulowa. "Na wewe niambie. Kweli tupu. Umekula?"

Aliweka mkono tumboni akajikaza. Alikuwa tayari. Alijua mama akisema "sijala," njaa yote ya kule itamshukia yeye, na aliitaka. Aliitaka angalau wagawane, kama walivyogawana kitanda alipokuwa mdogo. Akamsikia mama akivuta pumzi.

"Mimi nimeshakula," mama akasema.

"Mama..."

"Nyamaza, nasema. Nimekula kuku. Nimemchemsha kwanza na tangawizi, akalainika, ndipo nikamkaanga, ngozi ikawa inalia ukiitafuna. Paja lote nimekula mimi. Na viazi, vile vinavyopasuka vyenyewe. Na mboga nimeiunga karanga, chumvi imekaa sawasawa. Halafu embe, mwanangu. Halafu embe la pili."

Daktari alitaka kumwambia aache, kwamba hilo silo alilomwomba, kwamba njaa ya mtu mzima si kitu cha kuficha mgongoni kama fimbo. Hakuweza kusema. Mdomo ulikuwa umejaa.

Mama alisubiri. Alipoona muda wa kutafuna umetosha akasema, "Umemeza? Taratibu, usije ukapaliwa. Haya. Hayo uliyoyasema nimeyasikia, na sitayasahau. Sasa tuanze upya, kama watu waliolelewa. Umekula, mwanangu?"

Daktari alijifuta kidevu. Kilikuwa na maji ya embe. Alifungua daftari. Machozi yalikuwa yakimsumbua kusoma, lakini mwandiko ulikuwa wake.

"Nimeshakula, mama. Samaki. Gramu mia nne na hamsini."

"Mnene?"

"Mgongoni, mama. Ametolewa magamba. Hana harufu kabisa."

"Umemfanyaje?"

"Nimemkaanga. Nikamkamulia ndimu."

"Ahsante," mama akasema polepole, kama mtu anayeketi baada ya safari. "Ahsante, Daktari wangu."

Wakakaa hivyo kidogo, kila mmoja na shibe yake. Kisha Daktari akasikia hodi kule kwa mama, na sauti nzito ya mwanamume ikimwaga salamu tele, na methali ikifuata nyuma. Alisikia kurasa zikifunuliwa. Akabana simu sikioni kwa mikono miwili. Sasa, alijisemea. Mwambie sasa, mama. Neno moja tu, hatuna.

"Karibu, mwenyekiti," mama akasema. "Umenikuta nimetoka kula sasa hivi. Andika tu. Mtoto wangu hajambo."

Na akacheua, kwa nguvu, ili mwenyekiti asikie.

Daktari alikata simu. Mwenzake wa chumba akainuka, akafungua dirisha ili harufu ya kuku itoke, akarudi kukaa. Daktari akatafuta kisu, akaiweka kabichi juu ya meza, akaigawa mafungu sita.