Sentimita Tano za Raihana

Raihana alikuwa na miaka tisa mfupa wa mguu wake wa kushoto ulipoingia usaha. Alitibiwa akapona, lakini tangu hapo mfupa ule ukachelewa kukua. Alipofika miaka ishirini na mbili, mguu wa kushoto ulikuwa umepungukiwa na sentimita tano. Baba yake, mzee Usumani, fundi cherehani wa mtaa wa Batsinda, alimkatia kila gauni fupi kidogo upande huo, ili pindo lisionekane limelala. Akiwa amesimama watu hawakujua. Walijua alipotembea.

Daktari Gakwaya, aliyewapokea hospitalini Kanombe, alipomwambia kwamba mguu unaweza kurefushwa, hakumficha kitu.

"Nitakata mfupa, nitafunga fremu ya chuma kuzunguka mguu. Kazi yangu ni ya saa tatu. Inayobaki ni yako, na ni ya miezi minane au zaidi. Itauma."

"Nitaifanya," Raihana akajibu, kabla baba yake hajauliza swali hata moja.

Alitoka hospitali na pete nne za chuma kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo. Waya nyembamba zilipenya ngozi upande mmoja zikatokea upande wa pili, na pete zenyewe zilishikwa na fito zenye nati. Alipewa spana namba kumi akaonyeshwa namna ya kuzungusha: kila nati robo mzunguko, mara nne kwa siku. Kwa siku nzima mfupa uliokatwa ungeachana milimita moja tu, na mwili wenyewe ungejaza pengo kwa mfupa mpya.

Siku ya kwanza nyumbani, Usumani alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo spana, mwanangu. Mimi nimezoea vipimo."

"Niache, baba. Nikikosea, nikosee mwenyewe."

Hakukosea. Kila alipomaliza alichora mstari ukutani kwa chaki ya kushonea. Asubuhi alisafisha matundu ya waya moja moja kwa shashi na maji ya chumvi yaliyochemshwa, akichunguza kama kuna wekundu. Alisali ameketi kitini. Alilala chali, mguu juu ya mito miwili. Dukani kwa baba yake hakuweza kukanyaga cherehani, kwa hiyo aliweka mguu juu ya stuli akashona matundu ya vifungo kwa mkono, na wateja waliokuja kupimwa suruali walisahau kiuno chao wakaangalia vyuma.

Siku ya thelathini ilimkuta amechoka. Mfupa ulikuwa umerefuka sentimita tatu, lakini misuli ya nyuma ya mguu ilikataa kuufuata; wayo ulianza kuelekea chini kama wa mtu anayesimama kwa vidole. Phiona, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali, mzaliwa wa Mbarara, aliushika akausukuma juu taratibu. Raihana aliuma mtandio wake mpaka machozi yakamtoka.

"Basi," akasema. "Tatu zinatosha. Nimeshukuru."

Phiona hakubishana. Alichukua picha ya eksirei akaiinua dirishani.

"Angalia hapa katikati. Mwezi jana ilikuwa tupu. Sasa iko kama wingu, unaiona? Hiyo ni mfupa yako. Si mimi nimeiweka, si daktari. Ukitaka kuacha, acha, hakuna mtu atakulaumu. Ila ujue umefanya nini."

Raihana aliichukua picha ile akaenda nayo nyumbani. Jioni akamuuliza baba yake angefanya nini.

"Ningeacha," Usumani akasema bila kuzunguka. "Nakusikia unavyolia. Lakini huo ni mguu wako, si kitambaa changu."

Kesho yake Raihana alimpigia daktari simu. Wakakubaliana apunguze mwendo, azungushe mara tatu kwa siku badala ya nne, na mazoezi yaongezwe. Alifunga mshipi wa kitambaa chini ya wayo akawa anauvuta mwenyewe, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, akihesabu kwa sauti. Baada ya wiki mbili wayo ulianza kutii.

Alikuwa amebakiza milimita tano wakati kaka yake Twahiru alipooa. Siku tatu kabla ya harusi, shangazi yao Uwimana alikuja na kitenge kipana.

"Utajifunika na hiki, ukae chumba cha ndani. Mana yanjye, Mungu wangu, watu watakula vipi wakiona vyuma vinaingia kwenye nyama?"

"Nitakaa na wenzangu, shangazi."

"Raihana, nakusitiri."

"Najua. Lakini hiki si kidonda cha kufichwa. Hii ni kazi, naifanya kila siku."

Shangazi akamgeukia Usumani amsaidie. Usumani alikuwa tayari ameshika futi ya kupimia. Usiku wa harusi ulipofika, Raihana aliingia uani kwa magongo, amevaa gauni la rangi moja na wasimamizi wa bi harusi, lililopasuliwa chini upande wa kushoto ili fremu ipite. Wageni waligeuka wakaangalia vyuma. Alipita katikati yao, gongo, mguu, gongo, mguu, hadi kwenye kiti chake. Bibi yake bi harusi, mwanamke mzee sana, alimsogelea akagusa pete ya juu kwa kidole.

"Inauma?"

"Inauma, bibi."

"Na umekuja?"

"Nimekuja."

Bibi akaketi pale pale, akataka sahani yake iletwe hapo. Baadaye shangazi Uwimana naye alivuta kiti akakaa upande wa pili, na mtu alipouliza ni ajali gani, ni yeye aliyejibu: "Ajali gani? Anarefusha mguu!"

Wiki iliyofuata sentimita ya tano ilitimia. Ikabaki kazi ya kungoja, miezi sita na ushei ya kutembea na vyuma mpaka wingu lile likawa mfupa mgumu. Hatimaye Daktari Gakwaya akaifungua fremu, na baada ya wiki kadhaa za kujilinda, akamwambia Raihana aweke magongo ukutani.

Alisimama. Mabega yalikuwa sawa. Akatembea ukumbi mzima wa hospitali polepole, akigeuka mwishoni kwa uangalifu, makovu ya waya yakionekana chini ya sketi.

Usumani hakuweza kujizuia. Alimwambia mwanamke aliyesubiri kwenye benchi, akamwambia mfagizi, akamwambia askari wa getini, "Yule pale ni binti yangu. Sentimita tano hizo amezitengeneza kwa mkono wake." Zamani Raihana angeinamisha kichwa na kumsihi anyamaze. Safari hii alimngoja amalize, kisha akatangulia kutoka getini.