Evan Davies wa Namba Kumi na Moja

Siku ile mpumbavu alikuwa Gethin, wala hajawahi kumsingizia mtu mwingine. Alisimama mbele ya darasa la Historia la mwaka wa mwisho, wanafunzi sita tu na hita ya mafuta iliyonuka kuliko ilivyopasha joto, akasoma utafiti wake kama mhubiri aliyejaliwa kanisa jipya.

"Mwaka 1911, wachimba makaa wa bonde letu walipogoma, Evan Davies alikataa kusalimu amri, akafungwa miezi mitatu. Huyo ni baba mzazi wa bibi yangu."

Rafiki yake Meirion alipiga meza. "Ndiyo maana una kichwa kigumu!"

Bwana Probert hakucheka. Alikuwa mwalimu mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliyechimba makaa miaka minne kabla ya kusomea ualimu.

"Evan Davies yupi?"

Darasa likaangua kicheko. Huko Wales, katika bonde lile, akina Evan Davies walikaribia kuwazidi kondoo, ndiyo maana kila mmoja alipewa jina la mtaani: Evan Maziwa, Evan Jogoo, Evan Mguu. Mgeni angekosea akasamehewa. Gethin alizaliwa pale pale.

"Fungua ukurasa wa arobaini," mwalimu alisema, akimsogezea daftari la mikutano ya mgomo.

Ilikuwa orodha ya waliorudi kazini kabla ya mgomo kwisha. Hapo karani aliandika hadi namba za nyumba. *Evan Davies, namba 11, wiki ya nane.* Meirion alichungulia begani kwake, kisha akarudi kitini pake taratibu. Namba kumi na moja ndiyo nyumba aliyozaliwa bibi yake Gethin, na alikuwa angali akiishi humo. Tena miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu baba yake Gethin agome mwaka mzima katika mgomo ulioanza 1984, wakila viazi asubuhi na jioni, asirudi mgodini hata siku moja. Aliyerudi mapema, mle bondeni, hasalimiwi hata kanisani.

"Insha naipokea kesho," Bwana Probert alisema kwa upole. "Theluthi ya alama zako za mwisho. Kamuulize bibi yako."

Alimkuta Bibi Ceinwen akigeuza vikate vya zabibu kavu juu ya bamba la chuma. Harufu ile ya siagi na unga ulioungua kidogo humrudia Gethin hadi leo, akiwa na mvi kichwani, kila apitapo penye duka la mikate.

"Bibi, babako aliitwa nani mtaani?"

"Evan Mluzi. Akianza kupanda mtaa tu, mama anabandika maji ya kuoga."

"Na aliyefungwa?"

"Huyo Evan Jogoo, wa ng'ambo ya mto. Mdomo kama tarumbeta. Babangu afungwe? Babangu alikuwa anaogopa bata!"

"Alirudi shimoni, Bibi. Mgomo haujaisha. Wiki ya nane, imeandikwa."

"Ya tisa," alisahihisha, hakugeuka.

Gethin alihisi masikio yake yakiwaka. "Kumbe ulijua! Baba anajua?"

"Hajaniuliza. Babako fundi wa kugoma, kuuliza hajui."

"Basi huo ukurasa mimi sikuuona. Evan Davies abaki gerezani, abaki shujaa. Bwana Probert anapokea tu; wanaosahihisha wako mbali huko, watajuaje?"

"Hawatajua."

"Si ndiyo hapo? Mstari mmoja tu, Bibi. Naufuta, yamekwisha. Utamuumiza nani?"

Bibi Ceinwen alipangusa unga mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akamsogezea sahani.

"Futa, mwanangu. Ila ukifuta, nifute na mimi. Mtoto wa homa ya mapafu aliyemrudisha Evan Mluzi shimoni kutafuta hela ya dawa, ndiye huyu anayekuokea vikate."