Jina Juu ya Gunia

Uvumi ulikuwa huu: pale stesheni kuu ya Bukaresti kuna mwanamume mwenye adabu zake, huwaita wasichana kwa majina yao, na anayemfuata haonekani tena. Nani alimwona? Hakuna. Lakini tangu Viorica ausikie kwa wenzake kiwandani, hakupata usingizi wa maana.

Siku binti yake Smaranda alipokuja kutoka kwa bibi yake huko Bacau, Viorica alitoka zamu akaenda stesheni kumpokea, miguu imevimba, viatu vinambana. Ubao wa ratiba ulisema treni itaingia jukwaa la sita, akasimama la sita. Treni inakaribia kuingia, kipaza sauti kikasema la kumi na moja. Umati mzima ukageuka, naye akajikokota nao, anahema.

Alipofika, abiria walikwisha kushuka. Akamwona Smaranda kwa mbali, na kando yake mwanamume amembebea gunia.

"Smaranda! We Smaranda!"

Binti akageuka. "Mama? Mbona uko huku? Mjomba huyu kasema unaningoja garini, umechoka kusimama."

"Gari nimelitoa wapi mimi? We baba, nani kakutuma?"

"Nimekosea mtu, dada. Yaishe." Akalitua gunia taratibu, akayeyuka kwenye watu.

"Lakini mama, alijua jina langu! Na lako!"

Viorica akalitazama gunia. Bibi, kama wazee wote wa kule wanavyofanya wakimpa kondakta mzigo aufikishe mjini, alikuwa ameandika kwa wino mnene: SMARANDA, KWA MAMA YAKE VIORICA. Safari hii mzigo ulisafiri na mwenyewe, jina halikuhitajika, ila mkono wa bibi uliozoea uliandika tu.

"Bibi yako angeongeza na namba ya kiatu," Viorica akasema. Alitaka kucheka, akavua viatu badala yake. Akaketi palepale juu ya gunia, juu ya viazi na kokwa za jozi alizotuma bibi, watu wanampita huku na huku, mkono wa binti kaushika hauachii.

Basi anayempandisha mtoto treni, na mtoto mwenyewe, wajiepushe na haya:

Kuandika jina la mtoto nje ya mzigo. Liandike ndani.
Kumfuata mtu kwa kuwa anakujua jina.
Kumwachia mgeni mzigo akubebee, hata ukichoka vipi.
Kuamini ubao kabla treni haijaingia.
Kuondoka jukwaani kabla hujamwona mama kwa macho yako.