Mwiko wa Kabla ya Mbio

Joren alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwendesha baiskeli za mbio, mapaja kama magogo, na kwa miezi mingi alikuwa akiishi kwa uongo mmoja. Kila alipolala na Hilke, mchumba wake, mambo yaligoma. Kichwa kinataka, moyo unataka, huko chini kimya. Mara ya kwanza alisingizia uchovu, maana kazi yake ni kuezeka mapaa. Mara ya pili akailaumu bia. Baada ya hapo akaacha hata kujaribu, akajificha nyuma ya mwiko.

Mwiko wenyewe pale kijijini Lindevelde kila mtu anaujua. Wazee wa baiskeli wa Flandria, huku Ubelgiji, wanasema mwendesha baiskeli asimguse mwanamke usiku wa kuamkia mbio, miguu itaisha nguvu. Upuuzi mtupu, lakini nenda kamwambie Odiel uone! Odiel ndiye mwenye baa mkabala na kanisa, ndiye mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Joren, na juu ya hayo ni mjomba wake Hilke. Ujana wake wote aliushika mwiko ule na hakuwahi kushinda mbio hata moja, ila hakuna anayemkumbusha kwa sababu ndiye anayemimina bia.

Na kiangazi kwetu kila kijiji kina sherehe yake, na kila sherehe ina mbio zake. Leo hapa, keshokutwa pale. Joren akajiandikisha zote. Hilke akimsogelea kitandani tu, yeye huyo: "Mpenzi, kesho nina mbio." Hilke anaguna, anageukia ukutani.

Msimu ukaisha. Mtu mwenye akili angekwenda kwa daktari. Joren akanunua baiskeli nyingine, ya mbio za matope za majira ya baridi.

"Matope?" Hilke alishika kiuno. "Wewe unayenuna ukirukiwa na maji ya dimbwi?"

"Nataka kujijenga, mpenzi."

"Ujijenge kwa ajili ya nani?"

Joren akatoka kwenda kusafisha mnyororo.

Hilke si mtu wa kukaa na donge moyoni. Siku moja alipotoka kazini kwenye duka la mikate akapita kwa mjomba wake, akamvuta pembeni. "Mjomba, huo mwiko wenu unanivunjia nyumba. Zungumza naye, tafadhali. Kimyakimya."

Odiel ana moyo mzuri, ila kimyakimya hakijui. Jumapili mchana, baa imejaa, mashabiki wote na skafu zao shingoni, akapanda juu ya kreti la bia na kugonga kengele ya kaunta.

"Mashabiki! Mimi mwenyekiti natangaza kwamba kuanzia leo mwiko umefutwa kwa Joren! Kijana ana mchumba, mchumba ni mpwa wangu, na mpwa wangu analalamika!"

Jamani, kelele zilizolipuka! "Nenda nyumbani, bwana!" "Miguu utaikuta kesho!" Bibi Godelieve, muuza soseji, akapaza sauti kuliko wote: "Ukichelewa namtafutia mwingine!"

Hilke, aliyekuwa karibu na mlango, aliiva uso wote. Akavaa koti lake, akatoka. Natamani kusema Joren alimfuata. La, alikimbilia chooni, akajifungia.

Aliporudi nyumbani akamkuta anafunga begi.

"Naenda kwa mama," Hilke alisema bila kumtazama. "Nilikuwa najiambia ni mwiko. Sasa mwiko haupo, na wewe umeona bora choo kuliko mimi. Basi, nimeelewa."

"Hilke, hujaelewa..."

"Nieleweshe, basi."

Joren akalishika begi, Hilke akampokonya. Mlango ukabamizwa. Nyumba ilikuwa tupu kiasi kwamba alisikia friji ikinguruma, akajua kwamba akinyamaza siku chache zaidi, yule mwanamke harudi tena.

Kesho yake akaenda kwa Daktari Roelants, mama wa makamo asiye na haraka.

"Tatizo nini?"

"Goti," alisema Joren.

Daktari akalikunja goti, akalikunjua, akaligonga. Goti zima kabisa. Joren akashukuru, akavaa koti, akashika kitasa cha mlango, na hapo ndipo ikamtoka: "Daktari, na... haisimami."

"Rudi ukae," alisema daktari, wala hakuinua nyusi. "Wanaume wengi huniletea goti kwanza."

Akamuuliza kama anavyouliza habari za mafua. Lini ilianza? Asubuhi akiamka inakuwaje? Anavuta sigara? Analala vizuri? Kuna dawa anazotumia? Joren akakiri kwamba aliagiza vidonge mtandaoni, vina harufu ya sabuni.

"Vitupe. Hujui wameweka nini humo. Na ukishuka kwenye baiskeli, huko chini unasikiaje?"

"Panakufa ganzi. Si ndiyo kawaida? Hata hii mpya niliyonunua ni hivyohivyo."

"Na ukaenda kununua baiskeli ya pili?"

Joren akavua koti lake taratibu.

Daktari akampima presha, akamchunguza, akamwandikia vipimo vya damu: sukari, mafuta, homoni. "Vijana wengi kuliko unavyodhani hupata hili. Pengine ni kiti kinabana mishipa, kwa hiyo baiskeli pumzisha kwanza. Pengine ni hofu. Ikigoma mara moja, mara ya pili unaingia kitandani na woga, na woga unaigomesha tena. Ila wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza kwamba moyo au sukari haiko sawa, ndiyo maana sipendi mtu aifiche. Mara nyingi inatibika. Mchumba wako anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui! Sasa anadhani ni nini?"

Swali hilo, mwenzangu, Joren hakuwahi kujiuliza hata siku moja.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake Hilke. Hilke akafungua mlango, mikono imekunjwa. Joren akayamwaga yote palepale kizingitini, mvua inamnyeshea: kitanda, ganzi, vidonge vya sabuni, daktari. Alipomaliza hakuwa na pumzi.

"Kwa hiyo," Hilke alisema polepole, "si kwamba hunitaki?"

"Nisikutake wewe? Ninakutaka mpaka naumwa!"

"Joren, tangu kiangazi ninakula majani kama sungura ili nipungue. Nimenunua nguo za ndani zinazonikata mbavu. Nimejitazama kwenye kioo nikajichukia. Nilidhani nimekuchosha."

Joren aliona aibu, na haikuwa ile aliyoizoea. Alidhani mzigo ni wake peke yake, kumbe upande mzito alikuwa amemtwika huyu. "Nisamehe," alisema. Hilke akampiga kifuani kwa kitambaa cha jikoni, akampiga tena, kisha akamkumbatia akilia na kucheka.

"Mwingize ndani, supu inapoa!" aliita mama yake. Walipoingia, alikuwa amesimama na upawa mkononi, na ilionekana wazi kwamba amesikia kila neno.

"Baba yako naye alikuwa hivyohivyo," alimwambia Hilke. "Hakuniambia. Nikadhani ana mwanamke huko mjini Brugge, nikamnunia mwaka mzima. Kumbe ni moyo ulikuwa mgonjwa. Daktari alinieleza wakati tumeshamzika."

Hilke akamgeukia Joren, akamshika mkono kwa nguvu. "Majibu ya damu lini?"

"Alhamisi."

"Tunaenda wote."

"Na mimi naenda," alisema mama.

Joren alitaka kumwambia kwamba haya ni mambo ya ndani ya watu wawili. Akamtazama usoni, akamvutia kiti aketi.