Utepe Uliopauka

Mtunza maabara alitumbukiza kipande cha utepe wa magnesiamu kwenye asidi, akaikodolea macho saa. Kilitakiwa kiishe kwa dakika moja. Dakika ya tatu ikapita, kipande bado kinatoa mapovu ya kivivu. Nje, watahiniwa arobaini walishajipanga mstari.

"Tutumie kalsiamu," alisema mwalimu mkuu, akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Si ziko kundi moja kwenye jedwali la elementi?"

"Kundi ni moja, mama, lakini kalsiamu iko chini, na kwenye kundi hili kadiri unavyoshuka ndivyo hasira zinavyopanda. Itaisha mtoto hajagusa saa."

Akaupeleka utepe dirishani. Ulikuwa umepauka, umefunikwa na utando. Akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, akajaribu tena. Sekunde hamsini na nane!

"Haya, nipe na mimi msasa," mwalimu mkuu akasema, akikunja mikono ya gauni.

Wakasugua vipande themanini, viwili kwa kila mtahiniwa, huku msimamizi wa mtihani akigonga mlango. Walipomfungulia, vidole vyao vilikuwa vyeusi, na mtunza maabara alikuwa bado anahema.